Baiskeli Inapolia: Tafuta Sauti Kabla ya Kununua Spea



Ukiamka mapema hapa Shika Adabu utazisikia baiskeli za maji zikipita. Kwi... kwi... kwi. Nyingine yasema krrr, nyingine ta! ta! kama mtoto anayepiga kopo. Tumezizoea hata hatuzisikii tena, na hapo ndipo hasara inapoingia.

Kikundi chetu kina baiskeli mbili, zile nzito ambazo Kenya nzima inaziita Black Mamba. Zinabeba maji, mkate, nazi, na kukiwa na msiba zinabeba hata viti. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji ni kilo 20, mtungi wenyewe hatujauhesabu. Funga mitungi mitatu na mwenye kuendesha apande juu, utaona ni mzigo gani huo. Chuma chochote kikibebeshwa hivyo kila siku lazima kitalalamika.

Moja ya hizo baiskeli ilianza kulia kila pedali ya kushoto ilipokuwa ikishuka. Ka! Sisi tukasema ni cheni. Mweka hazina akatoa pesa, tukanunua cheni mpya. Ka! Akapita mtu akatuambia ati ni friwili. Tukanunua friwili. Ka! Ikaendelea vilevile. Wiki ya tatu mwenzetu mmoja alikuwa akipanda kile kilima cha kutoka feri, ana mzigo, amesimama juu ya mapedali, mkono wa pedali ya kushoto, yaani krenki, ukazunguka peke yake. Mguu ukateleza, akaanguka katikati ya barabara, goti likapasuka. Tunamshukuru Mungu matatu iliyokuwa nyuma ilikuwa bado mbali.

Tulipoangalia, shida haikuwa cheni wala friwili. Ilikuwa ni pini ya krenki, kipande cha chuma kifupi kuliko kidole. Na kwa kuwa ilikaa imelegea kwa muda mrefu, ilikuwa imelila tundu la krenki, kwa hivyo krenki nayo ikabidi inunuliwe. Pesa za kikundi zilitoka mara tatu kwa kosa moja la kutosikiliza.

Sauti inatoka wapi?

Msiyaamini masikio yenu mara ya kwanza. Fremu ya baiskeli ni mabomba matupu, na sauti hupita ndani yake. Kiti kikilia, aliyepanda anaweza kuapa kwamba ni pedali. Ndiyo maana kazi hii hufanywa na watu wawili: mmoja apande polepole, mwingine atembee kando yake ameinama. Mfanye asubuhi mahali palipo kimya, si pale stendi penye honi na redio.

Kwanza, mpandaji aache kukanyaga lakini baiskeli iendelee kwenda. Sauti ikinyamaza, basi tafuta katika mapedali, krenki, cheni au gia ya mbele. Sauti ikiendelea, tafuta katika magurudumu, breki, madigadi au keria. Kwa jaribio hili peke yake mmeshaondoa nusu ya baiskeli.

Halafu ainuke kitini huku akikanyaga. Ikinyamaza, ni kiti: springi zake, au ile nati iliyo chini yake. Kaza, tia tone la oili, kwisha maneno.

Kisha hesabuni. Sauti inayokuja mara moja kila pedali inapozunguka ni ya pedali, krenki au pini. Inayokuja mara moja kila gurudumu linapozunguka ni ya gurudumu, labda spoki au rimu iliyopinda. Na ikija mara moja tu kila mapedali yakizunguka mara mbili na nusu hivi, hiyo ni cheni. Kwenye baiskeli hizi nzito cheni huchukua karibu mizunguko hiyo ya pedali kurudi pale ilipoanzia, basi kuna pingili moja iliyokauka au kupinda. Ipindue baiskeli, zungusha pedali kinyumenyume polepole, utaiona ile pingili ikiruka inapopita kwenye friwili.

Mwisho ni mzigo. Jaribuni baiskeli tupu, kisha na mzigo. Kelele nyingi za keria hutokea tu mitungi ikiwapo, na mtu akienda kwa fundi na baiskeli tupu fundi hasikii kitu.

Ile pini

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo tulipoumia. Pini hii hupenya kwenye krenki na kukaza kama kabari dhidi ya ekseli ya katikati. Upande wake mmoja ni bapa, na ule ubapa ndio unaolala juu ya ekseli. Nati iliyo mwishoni kazi yake ni kuzuia pini isirudi nyuma. Haikuwekwa kuivuta pini iingie. Vijana wengi hukaza nati kwa nguvu zao zote mpaka nyuzi zinakatika, na pini bado imelegea.

Kuipima: weka krenki zote mbili zilale sawa na ardhi, moja mbele moja nyuma. Weka mkono mmoja juu ya kila pedali, ukandamize kwa pamoja. Geuza, ya mbele iende nyuma, ukandamize tena. Upande mmoja ukicheza hata kidogo, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, ndio huo.

Kuikaza: tegemeza krenki kwa chini na kipande cha bomba au jiwe gumu. Bila hivyo pigo la nyundo huenda likashukia gololi za ndani na kuziharibu. Legeza nati hadi iwe sawa na ncha ya pini, ili nyuzi zisiumie mkikosea. Kisha piga kichwa cha pini, ule upande usio na nati, pigo moja au mawili ya maana. Kugonga-gonga kama unapiga mlango wa jirani hakusaidii. Baadaye kaza nati, si sana.

Mkitia pini mpya na ikakataa kuingia, isugueni upande wa bapa kwa tupa kidogo kidogo. Angalieni pia zisikae vibaya: krenki zikiwa zimelala, nati moja iangalie juu na nyingine iangalie chini. Mkikosea hapo, pedali moja itakuwa haiko sambamba na mwenziwe. Na muhimu zaidi, baada ya siku moja ya mzigo rudini mpige tena. Pini mpya hujitafutia mahali pake pa kukaa, na sisi mara ya kwanza hatukulijua hilo.

Ikiwa krenki zote mbili zinacheza kwa pamoja, hilo si jambo la pini. Ni gololi za katikati au vikombe vyake, na hapo ni vizuri kumwona fundi mwenye spana zake.

Pedali yenyewe ikilia, tone la oili kila mwisho linatosha. Mkiifungua, kumbukeni kwamba ya kushoto hufunguliwa kinyume, kwa kuzungusha upande ambao kwa kawaida hukaza. Kuna pedali nyingi zimevunjwa kwa kutojua hilo.

Magurudumu

Sisi tunaining'iniza baiskeli kwa kamba kwenye mwarobaini, kisha tunazungusha gurudumu. Chukua bisibisi ndefu, weka ncha kwenye kitovu cha gurudumu na mpini sikioni. Ukisikia krrr kama mchanga unasagwa, gololi zimekauka au moja imepasuka. Fungueni, osheni kwa mafuta ya taa, na mkiona moja imeharibika badilisheni zote za upande huo. Gololi mpya moja kati ya kuukuu ni kubwa kidogo kuliko wenzake, basi hubeba mzigo peke yake na hupasuka upesi. Gurudumu la nyuma mara nyingi huwa na gololi 9 kila upande. Tieni grisi safi, kazeni koni hadi gurudumu lisicheze, kisha legezeni nukta moja tu ili lizunguke bila kushikwa.

Spoki hupimwa kwa vidole. Ziminye mbilimbili, iliyolegea utaijua.

Kutu yetu ya pwani tunaijua: upepo wa bahari una chumvi. Tena maji ya visima vingi huku yana chumvi, na vifuniko vya mitungi huvuja moja kwa moja juu ya cheni na kitovu cha nyuma. Weka kipande cha mpira wa tyubu kuukuu chini ya kifuniko, utapunguza kelele kabla haijaanza.

Kuhusu mafuta, tusidanganyane. Mafuta ya kupikia, hata yale ya nazi, yananyamazisha cheni leo, lakini kesho yanashika mchanga na baadaye yanageuka gundi. Mafuta ya taa ni ya kuoshea, hayakai. Oili ya injini iliyo safi, tone moja kila pingili, kisha futa nje kwa kitambaa. Utelezi unatakiwa ndani. Nje ni kukusanya vumbi tu na kuchafua suruali.

Madigadi, keria na vyuma vya breki vikigongana, kaza nati na ufunge kipande cha tyubu kati ya chuma na chuma. Ni kazi ya dakika tano.

Sauti mbili zaidi

Ile tik-tik-tik ya friwili ukiacha kukanyaga ni ya uzima, usiinyamazishe. Ni vile vijino vidogo vya ndani vinavyoshika na kuachia. Ikikatika ghafla, au pedali ikiteleza bure ukikanyaga, kijino kimekwama. Isipandwe hata na mzigo mdogo.

Na breki ikitoa mkwaruzo wa chuma kwa chuma, raba imekwisha au imechomoka. Mkiweka mpya kwenye breki hizi za vyuma, ule upande uliofungwa wa kibati chake uelekee kule rimu inakokwenda. Ukigeuzwa, rimu huusukuma mpira utoke nje, na itakuwa siku ile ile unateremka kwenda feri na mitungi mgongoni.

Siku hizi tuna daftari. Jumamosi jioni kila anayerudisha baiskeli husema imelia vipi na wapi, katibu anaandika hata kama ni "kwi" tu. Cheni ile ya kwanza tuliyoitoa bure bado ipo, tuliiosha, na ndiyo inayotembea kwenye baiskeli ya pili.