Safari ya Kanisa la Vang

Katika milima ya Karkonosze, kusini-magharibi mwa Polandi, chini ya kilele cha Śnieżka chenye kimo cha mita 1,603, lipo huko Karpacz kanisa la mbao ambalo mgeni alionapo kwa mara ya kwanza hudhani limechipuka papo hapo pamoja na misonobari, kumbe lilifika kwa kuvuka bahari.

Asili yake ni Vang, katika bonde la Valdres nchini Norwei. Huko lilijengwa yapata mwaka 1200, katika zama ambazo maseremala wa nchi ile, hodari pia wa kuunda vyombo vya baharini, walisimamisha nguzo nzima za msonobari, wakaziunganisha kwa ndimi na matundu pasipo kupigilia msumari, kama vile mafundi wa pwani yetu walivyoushona mtepe kwa kamba. Na milangoni wakachonga nakshi za mimea na majoka yaliyosokotana hata jicho lisijue pa kuanzia.

Aushi ya mbao zile ilikuwa ndefu kuliko subira ya wenyewe. Karne ya 19 ilipofika, kanisa lilikuwa limechakaa na kuwa finyu, na waumini wakataka jipya. Johan Christian Dahl, mchoraji Mnorwei aliyekuwa akifundisha Dresden, na ambaye mwaka 1837 alitoa kitabu cha kuitangaza sanaa ya makanisa ya namna hiyo, alijaribu kulinusuru nchini mwake asifaulu. Ndipo alipomwelekea Friedrich Wilhelm wa Nne, Mfalme wa Prussia, naye akalinunua mwaka 1841. Likachorwa, likafumuliwa kipande kwa kipande, likapakiwa merikebuni hadi Szczecin, kisha likapelekwa Berlin, kwa kuwa mfalme aliazimu kulisimamisha katika kisiwa cha Pfaueninsel liwe pambo.

Aliyeitengua azma hiyo ni Bibi Friederike von Reden, mjane mcha Mungu wa Bukowiec, ambaye aliwahurumia Waprotestanti wa milimani waliokosa kanisa la karibu, akamsihi mfalme awape wao. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 2 Agosti 1842 katika kitongoji cha Karpacz ya leo ambacho Wajerumani walikiita Brückenberg, na tarehe 28 Julai 1844 kanisa likawekwa wakfu, mfalme mwenyewe akihudhuria. Mbao nyingi zilizooza zilibadilishwa, na kando yake ukajengwa mnara wa mawe wa kengele, ambao hulikinga na pepo kali zishukazo kutoka kileleni. Mwaka ule ule wa 1844 Wanorwei, Dahl akiwa miongoni mwao, waliunda chama cha kuhifadhi majengo ya kale ya taifa lao. La Vang lilikuwa limekwisha kwenda.

Karne moja baadaye mambo yaligeuka. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, na nchi ya Silesia, ilimo milima hiyo, ikawa ya Polandi, takriban Wajerumani wote wa milima ile walitolewa makwao. Na kanisa lililokuwa limeondoshwa kutoka kwa watu wake wa kwanza, safari hii likabaki mahali pake, wakaondoshwa watu. Waumini wa Kilutheri wa Polandi ndio walirithi funguo, na chini ya nguzo ambazo katika zama mbalimbali zilisikia sala za Kilatini, Kidenmarki na Kijerumani, leo husomwa sala za Kipolandi.