Mkalimani Kati ya Kompaila Mbili

Programu iliyozaliwa kwenye Linux ikihamia Windows, hubeba mizigo yake yote: mamia ya amri zilizoandikwa kwa ajili ya GCC, kompaila ambayo Richard Stallman aliitoa mwaka 1987. Huko iendako inakutana na cl, kompaila ya Microsoft, yenye lafudhi nyingine kabisa. Kuandika upya amri zote hizo ni kazi ya kuchosha. Wengi huona heri kumweka mkalimani mlangoni: skripti fupi inayojifanya GCC, inayopokea swichi moja baada ya nyingine, kuitafsiri, kisha kumwita cl.

Automake, zana ya mradi wa GNU, huja na skripti kama hiyo, iitwayo "compile".

Maneno mengine hayahitaji tafsiri; "-c", "-D" na "-O2" cl anazielewa. Kazi inaanzia kwenye "-o", ambayo kwa GCC hutaja jina la faili ya matokeo, iwe ya aina yoyote. cl hutenganisha: "-Fo" kwa faili ya kati, "-Fe" kwa programu iliyokamilika. Basi skripti huchungulia mkia wa jina. Likiishia na ".o" au ".obj", huandika "-Fo", vinginevyo "-Fe". Ikikuta "-lpng", yaani ombi la maktaba ya png, huingia kwenye folda za maktaba na kutafuta "png.dll.lib", ikikosa "png.lib", ikikosa tena "libpng.a".

Mkwaju ("/") nao una visa vyake. MS-DOS iliutumia kutanguliza swichi tangu mwanzo, hivyo folda zilipoingia mwaka 1983 zikapewa mkwaju wa kinyume. Kwenye Unix, mkwaju ukitangulia huashiria njia ya faili. Ndiyo maana mtu akiandika "/c" ndani ya MSYS2, mazingira ya Unix juu ya Windows, inaweza kumfikia cl ikiwa imegeuzwa kuwa diski C. Kwa kuwa cl hukubali pia kistari, skripti huandika "-c" na kuepuka balaa hilo.

Kinachosumbua zaidi ni neno linalofanana lakini lenye maana mbili. "-Wall" ya GCC huwasha maonyo mengi, si yote. Kwa cl huwasha yote, hata yaliyozimwa makusudi, na skrini hufurika. Skripti ya Automake huipitisha ilivyo. Mradi wa LLVM, katika clang-cl inayoiga cl, huisoma kama "-Weverything".

Tafsiri ikikamilika, "compile" hutoa amri ya "exec". Hapo skripti humaliza kazi yake na cl hukalia nafasi yake.