Kisu Mwituni

Wazee wetu hawakuingia mwituni pasipo kisu au panga, nasi hatuthubutu kuwakosoa. Lakini je, akikosa kisu mtu hana budi kufa?

Tarehe 24 Desemba 1971, ndege ilipigwa na radi, ikavunjika juu ya mwitu wa Peru. Katika watu 92 alipona mmoja tu, msichana Juliane Koepcke, mwenye miaka 17. Mtulinga umevunjika, kiatu kimoja mguuni, kisu hana. Chakula chake peremende alizookota. Lakini wazazi wake walikuwa wataalamu wa wanyama, naye aliwahi kuishi nao mwituni. Baba alikuwa amemfundisha kwamba kijito huenda mtoni, na kando ya mto hukaa watu. Basi akayafuata maji, akipapasa tope kwa fimbo asije akakanyaga samaki taa, mwenye mwiba wa sumu. Funza wakaingia katika jeraha la mkono wake. Siku ya kumi alikuta mtumbwi na petroli. Akaimwaga jerahani, funza wengi wakatoka. Kesho yake watu wa mwituni wakamkuta.

Tusitupe visu vyetu, hata hivyo. Mwaka 2003, katika korongo la Utah, Marekani, jiwe lilibana mkono wa Aron Ralston. Baada ya siku tano aliukata kwa kisu kidogo butu, akiisha kuivunja mifupa yake kwanza, maana kisu kile kisingaliiweza. Akapona. Twasikitika kwamba alipoondoka hakumwambia mtu ye yote aendako.