Unataka mziki mnene kwenye bodaboda? Jua haya kabla ya kubadili spika

Vuta picha: ni saa mbili usiku, stendi ya Rujewa wilayani Mbarali. Dereva wa bodaboda amekaa juu ya pikipiki akisubiri abiria. Injini imezimwa, mziki unapiga. Anatokea mama mwenye mzigo, anakwenda Ubaruku. Dereva anabonyeza stata. Inalia tik tik, kisha kimya. Mpaka aanze kupiga kiki, mama ameshapanda pikipiki ya pembeni.

Spika mpya zimemkosesha hela ya safari.

Mziki kwenye bodaboda unaondoa uchovu na unavuta abiria, hasa vijana. Tatizo linaanza pale spika zinapoongezwa bila kuangalia betri inayozilisha.

Anza na hesabu ya betri

Pikipiki kubwa za safari ndefu, kama Honda Gold Wing, zimetengenezwa zikiwa na sehemu ya spika na mfumo wa kuchaji wenye nguvu. Boxer au TVS ya bodaboda haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Betri yake ni ya volti 12 na ni ndogo, nyingi ziko chini ya Ah 10.

Chukua mfano wa betri ya Ah 5 na amplifaya inayokula wati 60. Gawa 60 kwa 12, unapata ampea 5. Maana yake, injini ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa chaji inaisha ndani ya saa moja hivi. Stata itagoma mapema zaidi, kwa sababu yenyewe inahitaji umeme mwingi kwa mkupuo.

Kuwasha injini na kuiacha iungurume kijiweni hakutoshi. Ikiwa taratibu, inachaji kidogo kuliko ikiwa barabarani.

Usidanganywe na namba kubwa

Boksi likiandikwa wati 1000 kwa maandishi makubwa, tulia kwanza. Namba zenye neno MAX au PMPO hazionyeshi nguvu ambayo spika inaweza kubeba muda wote. Tafuta iliyoandikwa RMS. Hiyo ndiyo ya kulinganisha.

Kisha angalia namba yenye herufi dB. Inaonyesha spika inatoa sauti kiasi gani ikipewa umeme kidogo, kwa kawaida wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Spika ya dB 91 ikipewa wati 20 inatoa sauti sawa na ya dB 88 iliyopewa wati 40. Tofauti ya dB 3 tu inakuokolea nusu ya umeme. Kwa mwenye betri ndogo, hii namba ina maana kuliko wati.

Ya tatu ni omu. Amplifaya nyingi ndogo zinataka spika ya omu 4. Ukiunga spika mbili za omu 4 sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinakuwa omu 2. Amplifaya isiyotengenezwa kwa omu 2 itachemka, na inaweza kuungua.

Besi inapotelea wapi?

Dukani spika inadunda, barabarani inalia kama redio ya mbao. Sababu ni kwamba spika iliyofungwa wazi inatoa sauti mbele na nyuma, na hizo mbili zinauana, hasa kwenye besi. Upepo nao unameza kinachobaki.

Dawa yake ni boksi lililozibwa vizuri, hata la plastiki ngumu. Mara nyingi boksi zuri linaongeza besi kuliko kununua spika kubwa zaidi, na halili umeme wa ziada.

Vumbi na mvua za Usangu

Kiangazi, njia za kwenda mashambani zina vumbi jingi. Masika ni matope na maji ya mpunga. Spika ya karatasi, kama zile za redio ya nyumbani, hailiwezi hilo. Chukua yenye koni ya plastiki, na uangalie alama ya IP. Tarakimu ya kwanza ni kinga ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP65 inazuia vumbi na inavumilia kurushiwa maji, lakini haijatengenezwa kuzamishwa mtoni.

Kufunga bila kuunguza pikipiki

Waya wa chanya utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Kwa mfano wetu wa ampea 5, fyuzi ya ampea 7.5 inatosha, ilimradi waya uwe mnene wa kubeba umeme huo. Usizibe fyuzi iliyokatika kwa waya au karatasi ya sigara. Waya ukigusa chuma, hakuna cha kukata umeme, na tangi la mafuta liko jirani.

Mwambie fundi amplifaya izimike ukizima funguo. Hilo peke yake lingemwokoa dereva wa pale stendi.

Masikio na honi

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 tu. Boda anayeshinda barabarani siku sita anazimaliza saa hizo asubuhi ya kwanza. Tanzania pia ina kanuni za mazingira za mwaka 2015 zinazodhibiti kelele na mitetemo.

Kuna hatari ya karibu zaidi. Barabara ya TANZAM inapita Igawa na Chimala, na malori ya kwenda na kutoka Zambia hayalali. Dereva asiyesikia honi nyuma yake hana muda wa kukwepa.

Kipimo ni rahisi na hakihitaji mashine. Abiria akisema kwa sauti ya kawaida "nishushe hapo", na wewe ukalazimika kuuliza "unasemaje?", mziki umezidi. Punguza.