Kwa nini ukoo bora wa ng'ombe haununuliwi mnadani

MFUGAJI wa Njoro au Subukia anaponunua mtamba wa bei ghali mwenye cheti, aghalabu huamini kwamba amenunua ukoo. La hasha. Amenunua mnyama mmoja. Ukoo ni kundi la wanyama wenye damu moja ambao sifa zao hujirudia kizazi baada ya kizazi, kiasi kwamba mwenye zizi anaweza kukisia, kabla ndama hajazaliwa, atakuwa wa namna gani.

Kutoijua tofauti hiyo kumewagharimu wengi. Mtamba huyo hupandishwa na fahali wa jirani mwaka huu, mwaka ujao hupewa mbegu za bei nafuu alizo nazo mhudumu wa uhimilishaji siku hiyo, na mwaka wa tatu mbegu za fahali ambaye jina lake halikuandikwa popote. Miaka kumi ikipita, zizi lina ng'ombe sita wasiofanana kwa maziwa, kwa umbo wala kwa uwezo wa kuhimili maradhi. Fedha za mwanzo zimepotea bila mtu kujua zilipotelea wapi.

Hata hivyo, mfano wa jinsi ukoo unavyojengwa haupo mbali. Upo Naivasha, katika kituo cha utafiti wa mifugo kinakotunzwa kundi la kitaifa la ng'ombe aina ya Sahiwal.

Asili ya ng'ombe hao ni Punjab, katika wilaya iliyoitwa Montgomery wakati wa utawala wa Waingereza na ambayo sasa ni Sahiwal, nchini Pakistan. Fahali wa kwanza waliletwa Kenya kuanzia 1939, na uagizaji ukaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Majike walioletwa walikuwa wachache mno. Kwa hivyo serikali haikuanza na kundi la Sahiwal halisi. Ilianza na fahali wa kigeni na majike wa kienyeji, wale zebu wadogo wa Afrika Mashariki ambao kila mtu aliwajua.

Hesabu yake ni rahisi, ingawa inataka subira. Binti wa kwanza ana nusu ya damu ya Sahiwal. Akipandishwa na fahali mwingine wa Sahiwal, bintiye atakuwa na robo tatu. Kizazi cha tatu huwa na sehemu 7 kati ya 8, cha nne 15 kati ya 16, na cha tano 31 kati ya 32. Maadamu ng'ombe wa aina hii huchukua miaka minne hivi au zaidi kupata mtoto wa kurithi nafasi yake, vizazi vitano ni zaidi ya miaka 20. Mnamo 1962 wanyama waliotokana na kazi hiyo walikusanywa kutoka mashamba ya serikali, wakawa msingi wa kundi la Naivasha. Kituo hicho baadaye kilisimamiwa na taasisi ya KARI, na sasa kiko chini ya KALRO, shirika lililoundwa kwa sheria ya 2013.

Lengo halikuwa kumshinda Friesian kwa maziwa. Lilikuwa kumpata ng'ombe anayestahimili joto, kupe na malisho hafifu, huku akitoa maziwa mengi kuliko zebu wa kawaida na ndama wake wakikua na kufikia uzito wa kuridhisha. Ndiyo maana wafugaji wa Narok na Kajiado wamekuwa wakitafuta fahali wa Sahiwal ili kuboresha makundi yao.

Kazi ngumu zaidi, hata hivyo, huja baada ya damu kutimia. Ni kazi ya kuchagua nani azae na nani asizae.

Tatizo la kwanza ni kwamba fahali hana maziwa. Mfugaji humtazama fahali akaona shingo nene na mgongo ulionyooka, lakini hayo hayasemi chochote kuhusu kiwele cha bintiye. Njia ya haraka ni kuchunguza rekodi za mama yake. Njia ya uhakika ni kuwangoja mabinti wenyewe, wazaliwe, wakue, wazae na kukamuliwa, kisha walinganishwe na mabinti wa fahali wengine. Kusubiri huko huchukua miaka sita au zaidi, na ndio msingi wa mpango wa kuwapima fahali kwa uzao wao.

Tatizo la pili ni kwamba si kila ubora hurithiwa. Tuseme ng'ombe mmoja ametoa kilo 800 za maziwa zaidi ya wastani wa wenzake katika kipindi kizima cha kukamuliwa. Kwa sifa ya maziwa, ni takriban robo tu ya tofauti hiyo inayotokana na damu inayorithishwa. Iliyobaki ni lishe, afya, umri na bahati. Robo ya 800 ni 200. Na kwa kuwa ndama hupata nusu ya urithi wake kwa mama, anachotarajiwa kupokea upande huo ni kilo 100. Wanaodhani kwamba ng'ombe wa ajabu atazaa ng'ombe wa ajabu wanapaswa kuikumbuka hesabu hiyo. Uwezo wa kushika mimba hurithiwa kwa kiasi kidogo zaidi, ndiyo maana rekodi za mwaka mmoja hazitoshi kumhukumu mnyama.

Nakuru yenyewe ina ushahidi mchungu kuhusu jambo hili. Upo ugonjwa ambao vitabu vya madaktari wa mifugo viliupa jina la mji huo, "Nakuruitis". Ng'ombe na kondoo walikonda na kudhoofika katikati ya nyasi tele. Chanzo chake kilikuwa udongo wa volkano wenye upungufu wa kobalti, madini ambayo mnyama huyahitaji kwa kiasi kidogo sana lakini hawezi kuishi bila hayo. Mfugaji asiyejua hilo angeweza kuwauza wanyama wake wote akidhani damu yao ni mbovu, kumbe kilichokosekana ni chumvi ya madini horini. Kabla ya kuulaumu ukoo, hori lichunguzwe kwanza.

Fauka ya hayo, kuna hatari ya kufuata sifa moja tu. Wafugaji wa njiwa wa Birmingham, Uingereza, walizalisha aina ya njiwa wanaopindukapinduka kinyumenyume angani, na mapinduko hayo hurithiwa. Walipowaoanisha ndege wawili wenye mapinduko ya kupita kiasi, walijikuta na makinda wasioweza kujizuia, wanaoporomoka hadi chini na kufa. Mfugaji mwenye busara humwoanisha ndege wa namna hiyo na mwenza mtulivu. Njiwa hutaga mayai mawili, huyaatamia kwa siku 18 hivi, na kinda huweza kuwa mzazi kabla ya kutimiza mwaka, hivyo kosa huonekana upesi. Kwa ng'ombe kosa lilelile huchukua miongo. Kwa muda mrefu katika karne ya 20, Holstein wa Marekani walichaguliwa hasa kwa wingi wa maziwa. Maziwa yakapanda, na uwezo wa kushika mimba ukashuka.

Habari ya Holstein ina sura nyingine inayomhusu moja kwa moja mfugaji wa Nakuru anayenunua mbegu za kigeni. Mwaka uleule wa 1962 kundi la Naivasha lilipoanzishwa, alizaliwa Marekani fahali aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief. Alizaa mabinti wapatao 16,000, na inakadiriwa kwamba asilimia 14 hivi ya urithi wa Holstein wa Marekani inatoka kwake. Mabinti zake walikamuliwa vizuri ajabu. Lakini alibeba pia kasoro ambayo ndama akiipokea kutoka kwa baba na mama hufia tumboni. Watafiti walipoitambua, miongo kadhaa baadaye, walikadiria kwamba ilikuwa imesababisha mimba zipatazo 500,000 kutoka duniani.

Kwa hivyo mfugaji anayebadilisha mbegu kila mwaka, akidhani anakwepa kupandisha ndugu kwa ndugu, huenda anabadilisha majina tu. Baba ni tofauti, babu ni yuleyule.

Undugu huu una kipimo. Fahali akimpanda bintiye, ndama huwa na kiwango cha undugu cha asilimia 25. Ndugu wa baba mmoja wakipandana, ni asilimia 12.5. Dalili zake haziji kwa kishindo: ng'ombe anarudia joto mara tatu, ndama anazaliwa mdogo, mwingine anakufa kwa homa ambayo wenzake wameipona. Kundi lililofungwa linalotumia fahali mmoja tu kila kizazi huongeza undugu kwa zaidi ya asilimia 12 kwa kizazi. Ili kubaki chini ya asilimia moja, kiwango ambacho wataalamu hukiona salama, huhitajika fahali zaidi ya 12. Hakuna mwenye ekari tano awezaye kuwalisha.

Hapo ndipo majirani wanapohitajiana. Wafugaji watano wanaokubaliana juu ya lengo moja wanaweza kuzungusha fahali wao: kila fahali akae zizi moja kwa miaka miwili, kisha ahamie la pili huku mabinti zake wakibaki nyuma. Mabinti hawakutani na baba yao, na undugu huongezeka polepole zaidi. Sharti lake ni vipimo vya afya kabla ya kila uhamisho, kwani fahali mwenye brusela atasambaza kutoka kwa mimba zizi hadi zizi. Wasiotaka hatari hiyo watumie mbegu zenye rekodi, kama zile za kituo cha Kabete, ambacho kimekuwa kikihudumia wafugaji tangu 1946.

Kuhusu kumbukumbu, wakazi wa Nakuru hawana kisingizio. Daftari la nasaba la nchi, Kenya Stud Book, lililoanza 1920, lina makao yake mjini humo, na huwapokea hata ng'ombe wasio na cheti. Jike wa kawaida huandikishwa kama wa msingi, na uzao wake hupanda daraja baada ya daraja hadi kufikia nasaba kamili. Naivasha nako kuna kituo cha serikali cha kurekodi mifugo.

Zizini penyewe huhitajika daftari la kawaida: namba ya ndama, siku aliyozaliwa, baba, mama, maziwa ya kila kipindi, tarehe ya kupandishwa, na sababu ya kila mnyama kuondolewa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayoachwa wazi mara nyingi zaidi, nayo ndiyo yenye thamani kubwa, kwa sababu miaka kumi baadaye huonyesha kwamba mitamba watatu waliouzwa kwa kutoshika mimba walikuwa na babu mmoja.

Mfugaji atakayeanza leo na majike wanne atapata mitamba wawili hivi kila mwaka, wote wakiishi. Itamchukua karibu miaka minne kuwakamua wa kwanza kwa kipindi kizima, na uamuzi wake wa kwanza mgumu utakuwa kumpeleka sokoni mmojawapo, pengine yule mwenye rangi nzuri kuliko wote.