Macho ya Mfanyakazi na Kasi ya Mkanda



Katika viwanda vya kahawa na vya vinywaji, wenzetu wengi hukaa mbele ya mkanda unaotembea wakiondoa punje mbovu au chupa zenye ufa. Mbovu ikipita, msimamizi husema: "Hukutazama." Yatupasa kujua macho yanavyofanya kazi ili tuweze kumjibu.

Jicho haliyaoni sawasawa yote yaliyo mbele yake. Linaona vizuri mahali padogo tu, kama upana wa kidole gumba mkono ukinyooshwa. Kwa hiyo punje ikitembea, jicho nalo hutembea ili lisiipoteze. Misuli sita ya kila jicho huifanya kazi hiyo kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kufuata polepole bila kukatiza. Jicho huanza kufuata baada ya sehemu moja hivi ya kumi ya sekunde, nalo huwa limekwisha kuachwa nyuma. Hapo ndipo inapokuja njia ya pili, yaani kuruka. Jicho huruka ghafla, hukifikia kitu, kisha huendelea kukifuata polepole. Lakini wakati wa kuruka, ubongo hupunguza sana kuona.

Jaribuni wenyewe. Mmoja apitishe kidole polepole mbele ya mwenzake, na amtazame macho: yatakwenda bila kukatika. Aongeze kasi: yataanza kurukaruka.

Watu wengi hufuata vizuri kitu kisichozidi digrii 30 hivi kwa sekunde. Kwa aliyekaa nusu mita kutoka kwenye mkanda, hiyo ni kama sentimita 26 kwa sekunde. Kasi ikizidi hapo, macho huruka mara nyingi zaidi, na kila mruko ni nafasi ya mbovu kupita. Uchovu nao hupunguza uwezo wa kufuata.

Basi, mtu anaweza kuwa anatazama kwa moyo wake wote na bado asione. Kumkata mshahara hakutampa macho mengine. Kasi ya mkanda ikiongezwa, wawakilishi wetu waulize mambo manne: kasi ni kiasi gani, mwanga unatosha, mapumziko ni mangapi, na watu wanapokezana baada ya muda gani? Majibu yaandikwe, na yaletwe kwenye mkutano wa tawi.