Mbona ng'ombe wa Sangailu anaishia Burma na si Ghuba? Rada kamili ya lojistiki hii hapa

Cheki hii kwanza. Mwaka wa 2014 Somalia iliuza nje mifugo milioni 5. FAO ndio walitoa hizo namba: mbuzi na kondoo milioni 4.6, ng'ombe 340,000, ngamia 77,000, mzigo wa kama dola milioni 360. Karibu yote ilipanda meli ikaenda nchi za Ghuba. Hii ni ile Somalia ambayo serikali yake ilianguka 1991, ile tunaiona kwa habari ya saa tatu mabomu yakilipuka.

Sasa vuka mpaka uje upande wetu, Sangailu, kule Ijara, kaunti ya Garissa. Nyasi ni zile zile, ng'ombe ni wale wale weupe wenye nundu, na hata lugha ya mchungaji ni moja. Huku kuna serikali, kuna benki, kuna M-Pesa. Lakini ng'ombe wa Sangailu akibahatika anafika kichinjio cha Dagoretti au Njiru, halafu anaishia kwa sahani yako pale Burma na kachumbari kando. Kuuzwa Jeddah ama Dubai ni stori tu.

Kwani shida ni nini? Shida haiko kwa ng'ombe, iko kwa njia. Wasomi wanaiita lojistiki, yaani kila kitu kinachotokea kati ya mwenye mali na mwenye pesa: barabara, gari, karatasi, karao wa njiani, daktari wa mifugo, bandari, meli. Profesa angekupangia slaidi 40 hapa. Mimi kolegi nilitoka mapema, kwa hivyo tutatumia ng'ombe.

Benki ya Dunia huwa inapima hii maneno tangu 2007. Wanauliza watu wa kusafirisha mizigo duniani: ukipeleka mali nchi fulani, forodha inakusumbua aje? Barabara na bandari ziko fiti? Kupata meli kwa bei poa ni rahisi? Wale wa kusafirisha wanajua kazi? Unaweza kujua mzigo wako uko wapi? Na unafika siku uliyoambiwa? Kenya 2016 ilikuwa nambari 42 duniani. 2018 ikaanguka mpaka 68, kati ya nchi 160. Usipanic sana na hizo namba, kwa sababu ni maoni ya watu na maoni hucheza. Katikati ya hiyo miaka miwili ndio SGR ilifunguliwa, Mei 2017, na bado tukashuka. Hapo ndio unaanza kuona kujenga peke yake si dawa.

Na hasara yake kwa biashara ya nje? Wachumi watatu, Djankov, Freund na Pham, walipima karibu nchi 100 wakapata kila siku moja mzigo unachelewa kabla ya kupanda meli inapunguza biashara ya nchi kwa zaidi ya asilimia 1. Vitu vya kuharibika vinaumia zaidi. Simiti ikingoja siku tano inabaki simiti. Ng'ombe akingoja siku tano anakonda, anakunywa maji ya kununua, anaweza kuugua, na mwisho wa siku anauzwa kwa kilo.

Turudi Sangailu. Mnyama anatoka kule kwa miguu ama kwa lori mpaka soko la mifugo la Garissa, moja ya makubwa kabisa Afrika Mashariki. Wengine wanatoka mbali zaidi, Afmadow huko Juba ya Chini, wanatembezwa siku na siku. Hapo Garissa kuna dalali, na huyu dalali usimdharau. Ndiye anajua nani ni mwenye ng'ombe, nani ni mwizi, nani atalipa leo na nani ataleta stori. Ni yeye ndio anakaa pahali pa ofisi ambayo haipo. Baada ya hapo ni kibali cha daktari wa mifugo, ushuru wa kaunti, halafu lori na kama kilomita 370 mpaka Nairobi.

Tupige hesabu ya kubuni, usiishike kama bei ya soko. Lori la ng'ombe 20 umelikodi 60,000, hiyo ni 3,000 kwa kila kichwa. Barabara ikikatika ukalala siku nne, mwenye lori anataka 20,000 juu, wachungaji wanakula, nyasi na maji unanunua, tuseme 12,000. Umeongeza 1,600 kwa kila ng'ombe. Halafu kila mmoja amepoteza kilo kumi. Faida yako ilikuwa 5,000 kwa kichwa? Manze, imeisha. Na yule mnunuzi wa Nairobi hajali ulilala wapi, yeye anaangalia mbavu.

Na barabara kukatika si mfano wa kutunga. Novemba 2023 mvua ya El Niño ilikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi pale Mororo, ng'ambo tu ya daraja la Tana. Aprili 2024 maji yakarudi, watu wakaanza kuvuka kwa boti, na boti moja ikazama pale Kona Punda, Madogo, watu wakafa. Hii ndio barabara kuu ya lami. Sasa fikiria zile za udongo mweusi za Ijara na Hulugho, zile mvua ikinyesha hata Land Cruiser inaimba.

Kuna kitu kingine kinakula lojistiki na huwezi kukitengeneza kwa simiti. Mpaka wa Kenya na Somalia ulifungwa 2011, mwaka ule KDF waliingia Somalia. Mei 2023 serikali ikasema itaufungua kwa awamu, Mandera kwanza, kisha Liboi, kisha Lamu. Julai hiyo hiyo, baada ya mashambulizi, ikasema ngojeni kwanza. Miaka hiyo yote ng'ombe waliendelea kuvuka, kwa sababu ng'ombe hasomi gazeti la serikali. Tofauti ni kwamba anavuka bila karatasi. Na mnyama asiye na karatasi anaweza kuuzwa Garissa, lakini hawezi kupanda meli ya Ghuba.

Hapo ndio kiini chenyewe kiko, na ndio watu wengi hawaongelei. Tunabonga kuhusu lami tu. Septemba 2000 Saudi Arabia ilipiga marufuku mifugo kutoka Pembe ya Afrika kwa sababu ya homa ya Bonde la Ufa. Marufuku hiyo ilikaa mpaka 2009. Kule Berbera walifanya nini? Kukajengwa kituo cha karantini chenye mwekezaji wa Kisaudi ndani: mnyama anaingia, anawekwa alama, anapimwa, anakaa siku zake, akitoka ana cheti ambacho mnunuzi anakiamini. Bosaso pia ikawa na karantini. Bado wanafungiwa mara moja moja, si ati wako peponi. Lakini walielewa kitu: mteja wa Jeddah hanunui ng'ombe tu, ananunua uhakika kwamba huyo ng'ombe hataleta ugonjwa.

Sisi je? Mwisho wa 2006 homa hiyo hiyo ilianzia Garissa, Ijara ikaumia vibaya, na kufika 2007 zaidi ya watu 150 walikuwa wamekufa Kenya. Masoko ya mifugo yakafungwa. Familia ilikuwa na ng'ombe 50 na haiwezi kuuza hata mmoja kulipa karo. Baada ya hapo serikali iliandika kwa Vision 2030 kwamba itatenga maeneo yasiyo na magonjwa ya mifugo ndio tuuze nje. Mpango wa karantini ya Bachuma, huko Taita Taveta, umeongelewa kwa miaka mingi sana. Cheki ramani uone Bachuma iko wapi na Sangailu iko wapi.

Wacha nisikuangushe moyo kabisa, kuna pahali hii kitu iliwahi kufanya kazi. Kontena la Mombasa kwenda Kampala lilikuwa linachukua kama siku 18. Nchi za ukanda zilipoanza kukusanya ushuru mara moja pale bandarini 2014, serikali zenyewe zilisema imeshuka mpaka kama siku 4. Lami ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni karatasi. Baadaye wakaweka kufuli za kielektroniki kwa kontena ndio mzigo ufuatwe kwa satelaiti badala ya kusimamishwa kila kona.

Sasa Lamu. LAPSSET ilizinduliwa Machi 2012, Kibaki akiwa na Meles Zenawi na Salva Kiir. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 20, 2021, na zikafuata mbili. Kwa mtu wa Sangailu hii bandari iko karibu kuliko Nairobi, mbali sana. Barabara ya Lamu–Ijara–Garissa ndio ingemuunganisha. Lakini 2022 wajenzi walivamiwa upande wa Lamu, watu wakauawa, mashine zikachomwa. Dereva wa lori akifikiria ile msitu wa Boni, anaongeza bei, na mwenye bima anaongeza yake juu. Usalama pia ni gharama ya usafiri, hata kama haiko kwa risiti.

Kwa hivyo mwanasiasa akija Ijara na stori ya barabara, muulize maswali mawili. Hiyo lami ikifika bandarini, mnyama atapimwa wapi, na nani atasaini cheti chake? Na huyo wa kusaini, Saudi wanamtambua? Ukijibiwa na wimbo, jua ng'ombe bado anakuja Burma.

Na hii haihusu wazee wa mifugo peke yao. Nenda soko la Garissa uone nani wako pale na simu mbili mbili: ni vijana, wengine wana diploma, wanapigia watu wa Nairobi kuuliza bei ya kilo kabla lori halijaondoka. Bei ikishuka Dagoretti asubuhi, huyo kijana anajua kabla ya saa nne. Anajua bei, anajua dereva, anajua njia gani ina maji. Kitu hana ni mnunuzi wa pili wa kumwambia yule wa kwanza aongeze.